Uzi: Msingi ulipigwa dawa, mchwa wamefika kwenye kenchi. Kosa liko wapi?

#1 Kibaha_Site
Wakuu, habari za jioni. Nyumba ni ya mita 10 kwa 12, vyumba vitatu, ipo Kibaha, udongo wa kichanga. Jamvi (zege la sakafu) lina miaka miwili. Kabla ya kumwaga zege dawa ya mchwa ilipigwa, nailoni ikatandikwa. Kenchi (mbao za kubeba paa) ni paini ya kijani iliyouzwa kama mbao yenye dawa. Sasa njia ya tope imetokea kona ya bafu, imepita nyuma ya fremu ya mlango na kupanda hadi darini. Fundi anasema dawa ilikuwa feki. Muuza mbao anasema msingi ndio mbovu. Naomba wanaoijua kazi waseme, na vipimo tafadhali.

#2 Pampu_Mgongoni
Dawa feki hiyo, soko limejaa. Kwa nyumba ya ukubwa huo chukua imidaklopridi 200 SL (gramu 200 kwa lita) halisi, mililita 100 kwa pampu ya lita 16, pampu tatu zinamaliza msingi wote.

#3 MsingiKwanza
Mkuu #2, pampu tatu ndizo zinazoua nyumba za watu. Hebu tupige hesabu.

Mililita 100 kwenye lita 16 ni zaidi ya mililita 6 kwa lita. Dawa yenyewe inahitaji mililita 2.5 kwa lita kupata asilimia 0.05. Kwa hiyo nguvu ipo, tena imezidi. Kinachokosekana ni maji. Pampu tatu ni lita 48. Eneo ni mita za mraba 120. Hiyo ni lita 0.4 kwa mita ya mraba. Lita 1 kwenye mita 1 ya mraba ni sawa na mvua ya milimita 1, kwa hiyo umenyesha manyunyu ya chini ya nusu milimita juu ya kifusi. Vumbi limelowa, chini yake pakavu. Mchwa hahitaji kupita kwenye hilo vumbi, anapita chini yake na kuibukia kwenye ufa.

Kipimo kinachotumika ni lita 5 kwa kila mita ya mraba chini ya jamvi. Kwa 120 ni lita 600 za mchanganyiko. Kuzunguka ukuta kwa nje, lita 5 kwa kila mita ya urefu kwa kila sentimita 30 za kina. Mzunguko wa nyumba hiyo ni mita 44, kwa hiyo lita 220 nyingine kwa sentimita 30 tu za kwanza. Jumla 820. Kwa mililita 2.5 kwa lita unahitaji lita 2 na kidogo za dawa, na kuta za ndani bado hazijahesabiwa. Pampu ya mgongoni si kifaa cha kazi hii. Tumia pipa la lita 200 na keni ya kumwagilia maua, gawa sakafu kwa kamba kwenye vipande vya mita 2 kwa 2, kila kipande lita 20, yaani keni mbili za lita 10. Ukishagawa kwa kamba hata kibarua mpya hakosei.

#4 Fundi_Bomba_TZ
#3 umesema kweli ila mchwa wa #1 wametokea BAFUNI. Kwa nini si sebuleni? Dawa inapigwa leo, keshokutwa fundi bomba anakuja kuchimba mtaro wa bomba la inchi 4 katikati ya udongo uliopigwa. Anatoa udongo wenye dawa, anarudisha udongo wa chini usio na dawa, anatoboa nailoni, zege linamwagwa. Pale pana mlango. Zege likikauka linajivuta na kuacha uwazi mwembamba kuzunguka plastiki, na mchwa kibarua hahitaji zaidi ya milimita moja na nusu hivi.

Utaratibu ni mabomba yote chini kwanza, kushindilia, ndipo dawa, nailoni, zege. Kuzunguka kila bomba linalotoboa jamvi mwaga lita 2 hadi 3 za ziada. Nailoni ikikatwa pale, iwekewe kola na tepu, isiachwe imepasuka kama nyota.

#5 KiiniChaMninga
Tuache msingi kidogo. Kama kenchi ingekuwa na dawa ya kweli, mchwa angepanda, angeonja, angeshuka. Kwamba wanakula maana yake mbao ni mbichi iliyopakwa rangi.

Rangi ya kijani peke yake si ushahidi. Mbao ya kweli huingizwa dawa ya shaba, kromi na aseniki kwenye tangi lenye mgandamizo. Iliyopakwa kwa brashi au kuchovywa haraka ina dawa kwenye ngozi tu. Kupima: kata mbao moja, lakini SIYO mwishoni. Ncha hunywa dawa kuliko sehemu nyingine, kwa hiyo ukikata sentimita 5 utadanganyika. Kata angalau sentimita 30 kutoka kwenye ncha, angalia uso wa mkato. Kwenye paini, sehemu yote nyeupe ya nje inapaswa kuwa imebadilika rangi kuelekea ndani. Ukiona mstari wa kijani mwembamba kama ganda la yai na ndani kweupe, umeuziwa rangi.

Na hata ile nzuri, fundi wa kenchi akiikata kwa pembe, ule uso mpya hauna kinga. Kila mkato upakwe dawa ya mbao mara mbili kabla ya kugongelewa. Wangapi wanafanya hivyo?

#6 Mama_Bustani
#5 vile vipande vinavyobaki msipikie wala kuchomea nyama. Aseniki haiteketei, inatoka kwenye moshi na inabaki kwenye majivu. Watu wanachukua yale majivu kuweka kwenye mchicha.

#7 KiiniChaMninga
Asante #6, hilo ni la kuandikwa kwa herufi kubwa.

#8 Kitengela254
Hamjambo huko. Huku kwetu kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi kuna sababu nyingine: udongo ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Sakafu inapasuka nao, na ule ukanda wa dawa uliowekwa chini unakatika vipande vipande. Unaweza kumwaga lita zote za #3 na bado ukapata mchwa mwaka wa pili. Huo udongo huchimbwa na kutolewa, tunajaza moramu (kifusi cha changarawe) na kushindilia kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, dawa inakuja juu ya moramu.

#9 MsingiKwanza
#8 sawa, lakini Kibaha ni mchanga. Tatizo la mchanga ni lingine: mkavu sana hunywa bila mpangilio, dawa inatafuta njia moja na kushuka nayo. Lowesha kidogo siku moja kabla, uwe na unyevunyevu, usiwe tope. Ukiwa umejaa maji nao haupokei, dawa inasimama juu na kukimbilia bondeni. Na usipige wingu likiwa limetanda. Ukishamwaga, nailoni siku hiyohiyo.

#10 Pampu_Mgongoni
#3 hesabu nimeielewa, nakubali maji yalikuwa machache. Ila ghali! Basi si bora klopirifosi 48 EC, lita 1 kwa ndoo ya lita 20? Ile ina harufu, mchwa anakimbia.

#11 Viuatilifu_Macho
#10 makosa matatu hapo.

Moja, kipimo. 48 EC ina gramu 480 kwa lita. Kwa asilimia 1 unahitaji lita 1 ndani ya lita 47 za maji, siyo 20. Lita 1 kwa 19 ni kipimo cha ile ya 20 EC. Watu wanasoma maelekezo ya chupa moja na kuyahamishia kwenye nyingine. Soma namba iliyo mbele ya EC au SC kila mara.

Mbili, klopirifosi inavunjika haraka penye chokaa na saruji mbichi kwa sababu ya ualkali. Unaimwaga leo, kesho unaifunika kwa zege.

Tatu, afya. Marekani ilianza kuiondoa majumbani mwaka 2000, Umoja wa Ulaya ulikataa kuihuisha mwaka 2020, na Mei 2025 iliingizwa kwenye Mkataba wa Stockholm (wa kimataifa, kuhusu kemikali zinazodumu kwenye mazingira) kati ya kemikali za kufutwa, ikiwa na misamaha ya muda. Inashika mishipa ya fahamu. Mtu aliyeivuta hutokwa mate na jasho, mboni zinakuwa ndogo, anatapika. Mtoto anayetambaa sakafuni ndiye wa kwanza kuumia.

Kabla ya kununua chochote angalia kama kimesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya viuatilifu Tanzania (ile iliyochukua kazi za TPRI, taasisi ya utafiti wa viuatilifu, pale Ngaramtoni). Kenya ni PCPB, bodi yao ya viuatilifu. Lebo isiyo na namba ya usajili, jina la kiambata (kemikali inayoua) na asilimia yake, iache dukani.

#12 Mzee_wa_Tanga
Nyumba za zamani zilipigwa dawa mara moja na hadi leo hazijaguswa. Hizi za sasa ni maji ya matunda.

#13 Viuatilifu_Macho
Shikamoo mzee #12. Zile zilikuwa aldrini na dieldrini. Kweli zilidumu miaka na miaka, na kudumu huko ndiko kulikozifanya zifutwe: zilibaki kwenye udongo, zikaingia kwenye samaki, kwenye mafuta ya mwili, kwenye maziwa ya mama. Zote mbili zilikuwa kwenye orodha ya kwanza kabisa ya Stockholm, mkataba wa 2001 ulioanza kutumika 2004. Akitokea mtu anauza leo "ile ya zamani", mkimbieni.

#14 Mzee_wa_Tanga
Marahaba. Nimekuelewa kijana. Na oili chafu je?

#15 KiiniChaMninga
Oili chafu kwenye nguzo ya uzio inasaidia kwa muda, mchwa hapendi kupita juu yake ikiwa mbichi. Ikikauka anajenga njia ya tope juu yake kama hakuna kitu. Haiingii ndani ya mbao, inashika moto haraka, na rangi haishiki tena juu yake. Ndani ya nyumba hapana. Kwenye udongo hapana kabisa, inaelekea kisimani.

#16 Pwani_Boriti
Jamani, mbona hakuna aliyemuuliza #1 kama ni mchwa wa aina moja? Huku Unguja nusu ya kesi za "mchwa" hazihusiani na msingi. Kuna mchwa wa mbao kavu. Hagusi udongo, hajengi njia ya tope, anaishi ndani ya mbao yenyewe na unyevu mdogo uliomo unamtosha. Anaingia kama kumbikumbi kupitia ufa wa fremu, au anakuja ndani ya kabati lililonunuliwa mtumba. Mwaga lita elfu chini ya jamvi, yeye hajui.

Dalili yake ni vipunje vidogo vigumu chini ya fremu, mithili ya mchanga mnene, rangi ya maziwa hadi kahawia. Ukiviangalia kwa lenzi vina pande 6. Ukiona unga laini kama poda, na vitundu vya duara vya milimita 1 au 2, huyo si mchwa, ni bungua. Ukiona tope, huyo ni wa ardhini.

Kibaha_Site, gonga fremu kwa mpini wa bisibisi kisha piga tochi sakafuni. Kuna nini?

#17 Dodoma_Mbao
Wote mnazunguka. Dawa ya mchwa ni kumtoa malkia. Tafuta kichuguu, chimba, toa malkia, kazi imekwisha.

#18 Viuatilifu_Macho
#17, inategemea ni mchwa gani. Wale wanaojenga vichuguu vikubwa, malkia yuko kwenye chumba kigumu cha udongo katikati, mara nyingi chini ya usawa wa ardhi. Baadhi ya vichuguu vina malkia zaidi ya mmoja, na hapa Afrika Mashariki hilo limeonekana. Ukimtoa mmoja umefukua bure. Hata akiwa mmoja, vibarua waliobaki wanaendelea kula kwa miezi. Tena wanatafuta chakula makumi ya mita kutoka kwenye kiota, kwa hiyo kichuguu kinaweza kuwa kwa jirani. Na wengine hawana kichuguu kinachoonekana, kiota kizima kiko chini.

#19 Dodoma_Mbao
Sawa mkuu, lakini kikiwa kimoja uwanjani kwako huwezi kukiacha.

#20 Viuatilifu_Macho
Usikiache, ila usianze na jembe. Toboa kwa nondo mashimo matano au sita kutoka juu hadi usikie nondo imeingia patupu, mimina dawa isiyonusika kupitia faneli, ziba. Kichuguu cha urefu wa mita moja kinaweza kumeza lita 50 na zaidi. Kibomoe wiki kadhaa baadaye. Ukikibomoa kwanza wanatawanyika na kuziba vyumba.

#21 Sisimizi_Hapana
Swali: mchwa si jamii ya sisimizi? Dawa ya sisimizi ya unga haifai?

#22 Pwani_Boriti
Hapana, mchwa ni ndugu wa mende. Sisimizi ni adui yake, anamla. Ule unga unamuua anayeukanyaga tu, wenzake wanafungia njia hiyo na kufungua nyingine.

#23 Kibaha_Site
Asanteni sana. Majibu ya ukaguzi: (a) bafuni njia ya tope inatoka pembeni ya bomba la choo, vigae vina uwazi pale. (b) Chini ya fremu ya chumba cha pili kuna vipunje kama alivyosema #16. (c) Mbao ya kenchi imekatwa sentimita 35 kutoka kwenye ncha: kijani cha milimita 2, ndani nyeupe. (d) Nje, ukuta wa bafu una bustani ya maua, udongo umepanda hadi juu ya usawa wa sakafu ya ndani.

Fundi anataka kukwangua zile njia zote leo.

#24 Fundi_Bomba_TZ
(a)! Bomba.

#25 KiiniChaMninga
(c)! Milimita 2, hiyo ni rangi.

#26 Mama_Bustani
Mbona (d) mnaipita? Udongo ukiwa juu ya usawa wa sakafu, mchwa anapita nyuma ya plasta bila kuonekana, hana haja ya bomba. Na maua yanamwagiliwa kila jioni, anapata unyevu wa bure. Shusheni udongo uwe angalau sentimita 15 chini ya sakafu, kuzunguka nyumba nzima, ukanda ubaki wazi ili njia yoyote ionekane. Maua yahamie mita moja mbali. Kuni, maboksi na mbao zilizobaki zisiegemezwe ukutani.

#27 MsingiKwanza
#26 yuko sahihi kuhusu kuonekana. Naongeza: chimbueni pale bustanini mkaangalie kama kuna vipande vya mbao za kuchapia zege, vigingi vya kupimia na mifuko ya saruji vilivyofukiwa. Mafundi wanavitumia kama kifusi. Mfuko wa saruji ni karatasi, kwa mchwa ni mwaliko. Kigingi kilichoachwa ndani ya jamvi kikiliwa kinaacha shimo la moja kwa moja kwenda sebuleni.

#28 Viuatilifu_Macho
Kibaha_Site, MSIKWANGUE bado. Vunja sentimita 2 tu katikati ya njia, subiri siku moja au mbili. Ikizibwa kwa tope bichi, wapo. Kisha tumia dawa isiyofukuza, fipronili au imidaklopridi, kidogo ndani ya ule uwazi. Hawainusi, wanapita, wanaibeba mwilini na kuwapaka wenzao. Ukipuliza dawa ya jamii ya sipamethrini pale, wanainusa, wanaacha njia hiyo na wiki ijayo wako chumba kingine. Utadhani wamekwisha.

Kisha msingi, kwa nyumba iliyokwisha kujengwa:
Nje, mtaro wa upana wa sentimita 15 na kina 30 ukigusa ukuta. Lita 5 kwa mita, nusu mtaroni, nusu mnachanganya na udongo unaorudishwa.
Ndani, pale sakafu inapokutana na ukuta, toboa kwa biti ya milimita 12 kila sentimita 30 hadi upite jamvi. Lita 1 kila tundu, polepole, hadi lisipokee. Ziba kwa saruji. Bafuni toboeni kwenye mistari ya vigae, na mjue mabomba ya maji na nyaya zimepita wapi kabla hamjawasha mashine.
Fipronili ya 50 SC (gramu 50 kwa lita) ni mililita 12 kwa lita, ya 25 SC ni 24. Glavu za mpira, buti, miwani, barakoa ya chujio, siyo ya kitambaa. Kama kuna kisima kifupi karibu, msimwage upande huo.

#29 Mzee_wa_Tanga
Na akikwangua baadaye asisahau kukwangua kabisa, maana njia kavu ya zamani inakuchanganya na mpya.

#30 Kitengela254
Vile vituo vya chambo vinavyozikwa kila mita 3 kuzunguka nyumba? Havina sumu ya kumwaga.

#31 Viuatilifu_Macho
Ni vizuri penye kisima. Lakini chambo vingi vilitengenezwa kwa mchwa wa Marekani na Asia wanaokula mbao moja kwa moja. Wetu wengi wanalima kuvu: mbao inapelekwa kwenye bustani ya kuvu kiotani kwanza, kwa hiyo matokeo ni ya polepole na hayatabiriki. Tegemea miezi.

#32 Pwani_Boriti
Turudi kwenye (b). Fremu haitapona kwa mtaro wala matundu ya sakafu. Toboa vitundu vya milimita 3 kila sentimita 15 kufuata upande uliovimba au unaolia patupu, choma dawa kwa bomba la sindano, ziba kwa nta au pati ya mbao. Kwa mbao za ndani zisizopigwa na mvua, myeyusho wa chumvi za boraki wa asilimia 10 hadi 15 unapakwa mara mbili kabla ya vanishi. Fremu ikiwa imeliwa zaidi ya nusu, ing'oe uichome, weka ya mninga au mvule, lakini kiini tupu. Ile sehemu nyeupe ya pembeni ya mninga inaliwa kama paini.

Msimu wa vuli kumbikumbi wakitoka jioni, zimeni taa za baraza au mziweke mbali na milango. Neti madirishani hadi kwenye matundu ya hewa ya dari.

#33 Sisimizi_Hapana
Kumbikumbi zimeni taa? Sisi tunawasha tupate kitoweo!

#34 Mama_Bustani
Waokote mbali na nyumba iliyopigwa dawa, #33. Kwenye uwanja uliomwagiwa fipronili wiki iliyopita hakuna kitoweo.

#35 Fundi_Bomba_TZ
Mimi bado nasema (a). Vipunje vya fremu ni wadudu wengine kabisa, na kenchi isingefikiwa kama bomba lingezibwa.

#36 KiiniChaMninga
Na kama bomba lingezibwa wangepita kwenye bustani ya (d), wakikuta mbao yenye dawa wangerudi. Mbao ndiyo mlango wa mwisho.

#37 Kibaha_Site
Nimewasoma wote. Kesho udongo wa bustani unashushwa na vipunje vinakusanywa kwenye karatasi ili vihesabiwe tena baada ya wiki. Swali moja: pembeni ya bomba la choo, baada ya kuchoma dawa, nizibe kwa saruji au lami?

#38 Fundi_Bomba_TZ
Siyo saruji tupu, itajivuta tena. Chonga uwazi upana wa sentimita 1 na kina 2 kuzunguka bomba, safisha vumbi, acha pakauke kabisa, jaza mastiki ya lami au silikoni inayonyumbulika, kigae kirudi juu yake. Pakiwa na unyevu haitashika, kwa hiyo angalia kwanza kama kiungo cha bomba hakivuji.